Sura ya Sita: Paka Atajisaidia Wapi Garini?

Watu wakisikia kuna familia zinazozunguka Marekani kwa miezi ndani ya gari-nyumba zikiwa na paka, hawaulizi kwanza kuhusu petroli wala mahali pa kulala. Wanauliza: "Paka anajisaidia wapi?" Na kabla hujajibu, swali la pili limeshafika: "Gari halinuki?"

Msomaji aliyekulia Tanga, Mombasa au Lamu ana haki ya kuuliza. Kwetu paka hutoka mwenyewe, huchimba mchangani, hufukia, hurudi kulala. Lamu paka wamejaa vichochoroni na ufukweni, na hawangoji mtu awatafutie choo. Lakini paka anayesafiri hawezi kufunguliwa mlango kila anapobanwa. Leo gari limeegeshwa Arizona, kesho liko New Mexico. Mahali ni pageni, barabara iko karibu, na usiku mbwa mwitu wadogo wa huko wanawinda. Akitoka bila kamba huenda asirudi. Kwa hiyo choo chake, yaani beseni lenye mchanga, lazima kiwe ndani, pale pale mnapopika na kulala.

Gari-nyumba ni gari lenye injini, kitanda, jiko, meza na choo chini ya paa moja. Kiwanda cha Winnebago cha Forest City, Iowa, kilianza kuyatengeneza kwa wingi mwaka 1966, na tangu hapo yamekuwa jambo la kawaida katika barabara za Marekani Kaskazini. Gari la futi 25 lina upana wa futi 8 hivi. Ukitoa sehemu ya mbele anapokaa dereva, mnabaki na chini ya mita za mraba 20 kwa watu, paka, masufuria na choo cha paka. Yaliyomo humu yatawafaa pia Waafrika Mashariki wanaoendesha malori ya masafa marefu Marekani na kubeba paka kabini, ingawa eneo lao ni dogo zaidi.

Jibu langu kwa swali la pili ni hili: gari hunuka kwa sababu ya saa zinazopita kati ya paka kujisaidia na mtu kuzoa. Madukani utauziwa manukato, unga, mishumaa na mashine. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoshinda kuzoa mapema.

Harufu inavyozaliwa

Mkojo wa paka mwenye afya, ukiwa ndio kwanza umetoka, hauna harufu kali kiasi cha kumfukuza mtu chumbani. Ndani yake mna yurea, yaani taka ambayo mwili huitoa baada ya kutumia protini. Paka wetu wametokana na paka mwitu wa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, mnyama wa nchi kame anayekula nyama tu. Figo zake hubana maji, hivyo mkojo wake ni mzito na yurea imejaa. Bakteria walio kwenye mchanga huivunja yurea hiyo na kutoa amonia, gesi ile inayochoma pua na macho.

Ili kazi hiyo iende, bakteria wanataka unyevu, joto na muda. Gari-nyumba linavitoa vyote. Watu wawili wakipika, wakioga na kupumua ndani ya kisanduku kile, hewa inakuwa na unyevunyevu. Joto nalo hupanda haraka: gari lililofungwa juani linaweza kuongeza nyuzi joto 19 hivi ndani ya nusu saa. Beseni ambalo lingevumilika siku mbili kwenye ukumbi wa nyumba, humo linaanza kuchoma pua jioni ya siku ile ile. Unyevu na joto unaweza kuvipunguza kidogo. Kilicho mikononi mwako kabisa ni muda.

Kuna harufu nyingine, ile ya paka dume ambaye hajahasiwa. Mkojo wake una kemikali iitwayo felinini kwa wingi, nayo ikikaa hutoa harufu nzito inayoganda kwenye vitambaa. Tena dume wa aina hiyo hupenda kurusha mkojo ukutani kuweka alama. Usianze safari ya gari-nyumba na dume asiyehasiwa. Mhasi, ngoja wiki kadhaa, ndipo mwondoke.

Muda una habari nyingine inayogusa afya ya watu. Baadhi ya paka hubeba kimelea kiitwacho toksoplasma, kinachotoka kwenye kinyesi kikiwa kama mayai madogo yasiyoonekana kwa macho. Mayai hayo yakitoka hayawezi kumwambukiza mtu papo hapo. Yanahitaji siku 1 hadi 5 kukomaa. Anayezoa kila siku anayaondoa kabla hayajawa hatari. Mama mjamzito asizoe kabisa ikiwa kuna mtu mwingine wa kufanya kazi hiyo. Akiwa peke yake, avae glavu, azoe kila siku bila kukosa, anawe kwa sabuni. Hana sababu ya kumfukuza paka: kwa kawaida paka hutoa mayai hayo kwa wiki chache tu baada ya kuambukizwa mara ya kwanza, na watu wengi hukipata kimelea hiki kwenye nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa.

*Kwa ufupi:* amonia na toksoplasma vyote vinahitaji muda. Zoa asubuhi na jioni, hutavipa muda huo.

Mchanga upi upakiwe

Zamani kaya za Marekani zenye paka wa ndani zilitumia mchanga, majivu au vumbi la mbao. Mwaka 1947, katika mji mdogo wa Cassopolis, Michigan, jirani mmoja alikwenda kwa kijana aitwaye Ed Lowe kuomba mchanga, kwa kuwa wake ulikuwa umeganda kwa baridi. Familia ya Lowe ilikuwa ikiuza vitu vya kufyonza mafuta yanayomwagika viwandani. Lowe akampa chembe za udongo mkavu. Jirani akarudi kutaka tena, kwa sababu udongo ule ulifyonza vizuri na haukusambaza alama za nyayo nyeusi za majivu. Lowe alitia pauni tano tano kwenye mifuko, akaandika juu yake "Kitty Litter", akauza kila mmoja kwa senti 65. Kisha akazunguka kwa gari kwenye maonyesho ya paka, akijitolea kusafisha mabeseni ili apewe nafasi ya kuonyesha bidhaa yake. Kwa hiyo biashara hii tangu mwanzo ilikwenda kwa magurudumu.

Udongo wa Lowe ulifyonza lakini haukushikana. Mkojo ulizama chini, na ilibidi umwage beseni zima. Katika miaka ya 1980 mwanakemia Thomas Nelson aliona kwamba bentonaiti, udongo unaotokana na majivu ya volkano ya kale na unaochimbwa kwa wingi jimboni Wyoming, huvimba ukilowa na kushikana kuwa bonge. Bonge unalitoa, mchanga mkavu unabaki. Kwa msafiri hili lilibadilisha kila kitu, kwa sababu sasa mkojo wenyewe unaweza kuondolewa garini siku ile ile.

Madukani leo kuna aina nyingi, ila kwa gari-nyumba kuna tatu za kufikiria.

Mchanga wa bentonaiti ndio ninaoupendekeza kwa wengi, ule usiotiwa manukato. Paka wengi wanaupenda kwa kuwa chembe zake ni ndogo na zinachimbika. Ubaya wake ni uzito na vumbi. Mfuko mkubwa una pauni 40, yaani kilo 18, na kila gari lina kibandiko karibu na mlango kinachotaja uzito wa juu wa mizigo. Ukijaza tangi la maji safi, kila lita ni kilo moja. Usibebe mifuko mitatu ya mchanga kana kwamba maduka yameisha duniani. Mmoja unaotumika na mwingine wa akiba unatosha. Uhifadhi kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana, maana mchanga huu ukivuta unyevu wa hewa hushindwa kushikana vizuri siku unapouhitaji.

Vidonge vya mbao ni vumbi la mbao lililoshindiliwa. Vikilowa vinasambaratika na kurudi kuwa vumbi. Unatumia beseni lenye matundu chini: vumbi lililolowa linaanguka kwenye trei ya pili, vidonge vikavu vinabaki juu. Vinauzwa kwa bei nafuu kwenye maduka ya pembejeo za mifugo kama matandiko ya farasi, na havifuati miguu ya paka. Lakini ni vikubwa chini ya nyayo, na paka wengine wanavikataa katakata.

Chembe za silika ni zile zile zinazotiwa kwenye vifuko vidogo ndani ya maboksi ya viatu vipya ili kuzuia unyevu. Ni nyepesi, zinafyonza sana, zinawafaa wanaokaa mbali na maduka. Kinyesi kinazolewa kila siku, mkojo unabaki ndani ya chembe hadi zishibe. Zikishiba, harufu hutoka kwa mkupuo mmoja, na hapo unabadilisha beseni zima.

Jambo moja lina uzito kuliko uchaguzi wenyewe: safari isiwe ndiyo siku ya kubadilisha mchanga. Paka ambaye gari, sauti na harufu vyote ni vigeni kwake anahitaji kitu kimoja anachokijua chini ya nyayo zake. Ukitaka kubadilisha, anza nyumbani. Changanya mchanga mpya kidogo kidogo na ule wa zamani kwa wiki moja au mbili. Siku ya kuhamia garini, chota kijiko kimoja cha mchanga uliokwisha kutumika, utie kwenye beseni la garini. Kwa mtu ni uchafu, kwa paka ni ilani kwamba hapa ni kwake.

Choo kikae wapi

Wataalamu wa paka wana kanuni ya nyumbani: kila paka beseni lake, na moja la ziada. Garini haiwezekani. Paka wawili wanaopatana watatumia beseni moja kubwa iwapo utalizoa mara mbili au tatu kwa siku. Ukubwa ndio usibane: beseni liwe na urefu wa mara moja na nusu ya mwili wa paka, bila mkia, ili ageuke bila kukanyaga alichokiacha.

Wengi huanza na sakafu ya bafu. Ina ukingo unaozuia beseni lisiteleze, mchanga ukimwagika unafagilika, na mabafu mengi yana feni ya paani juu yake, feni ndogo ya volti 12 inayovuta hewa nje. Harufu inatoka kabla haijafika kitandani. Tatizo ni kwamba kila mtu akitaka kuoga beseni linatolewa. Paka anayekuta choo hakipo hangoji, anatafuta kona nyingine, na kona hiyo kwa kawaida ni kitanda chako. Bafu linawafaa wanaooga kwenye mabafu ya kambi, au wenye nidhamu ya kurudisha beseni dakika ile ile wanapomaliza kujipangusa.

Kwa wanaosafiri muda mrefu, mahali pazuri zaidi ni chini ya kiti cha mezani. Viti vya magari haya ni masanduku ya mbao yaliyo wazi ndani, na watu huweka humo vitu ambavyo hawavigusi mwaka mzima. Ondoa vitu hivyo. Kata tundu la duara ubavuni, la upana wa sentimita 18 au 20, lainisha kingo kwa msasa, funika sakafu ya ndani kwa karatasi ngumu ya plastiki inayopanda ukutani kidogo. Kabla ya kukata, hakikisha hakuna waya wa umeme, bomba la maji wala njia ya hewa ya moto inayopita hapo. Mara nyingi vipo. Juu, kiti kinafunuka kama kawaida, na wewe unazoa kutokea hapo bila kupiga magoti. Ukiweza, toboa upande wa pili na ufunge feni ndogo ya kompyuta isukume hewa nje.

Mchanga unaofuata nyayo ni kero ya kweli. Paka akimaliza hukwangua, akaruka nje, na chembe kumi au ishirini zikabaki katikati ya vidole vyake. Anazidondosha njiani, moja moja. Kwenye nyumba utazifagia. Garini zinaingia kwenye reli za ubavu unaotanuka, yaani ile sehemu ya ukuta inayosukumwa nje kwa mota gari likishaegeshwa ili kuongeza nafasi. Mota inasaga, kifuniko cha mpira kinakwanguka. Tandika mkeka wenye matundu mbele ya tundu, uwe mrefu kiasi cha kumfanya apige hatua tatu au nne juu yake. Na kila unapotanua au kurudisha ubavu huo, jua kwanza kila paka yuko wapi kwa kumwona kwa macho. Paka hupenda kujificha nyuma yake, na mota haina huruma.

Gari likiwa linakwenda

Gari likianza kuondoka, paka awe ndani ya kizimba kilichofungwa kwa mkanda. Paka aliyeachiwa anaweza kuingia chini ya pedali ya breki, na hapo si yeye tu atakayeumia. Wengi hawataki kujisaidia gari likitembea, na wanaweza kujizuia saa nyingi. Hiyo si sababu ya kuendesha kutwa nzima. Kila baada ya saa tatu au nne simama, zima injini, funga milango na madirisha, mfungulie kizimba. Mwache dakika 20. Huenda asifanye kitu, usimlazimishe na usimbebe kumweka kwenye beseni. Akijua kipo, inatosha.

Beseni lenyewe lizolewe kabla ya kuwasha injini. Barabara mbovu hulivunja bonge lililolowa, likasambaa kwenye mchanga mzima, na hapo umepoteza faida yote ya bentonaiti. Tumia sanduku la plastiki lenye kuta ndefu badala ya trei fupi, na uliweke juu ya mpira usioteleza.

Siku za kwanza hufanywa nyepesi kwa maandalizi. Egesha gari mbele ya nyumba kabla ya safari, mlishe paka humo, lala naye humo usiku kadhaa. Akishajisaidia garini kabla halijasogea, kazi kubwa imekwisha.

Asubuhi, kabla ya chai

Hivi ndivyo inavyofanyika. Fungua dirisha, washa feni ya paani. Ingiza koleo dogo lenye matundu pembeni mwa beseni, lisukume hadi chini, kisha lipandishe polepole chini ya bonge. Usiligonge wala kulikwangua, litavunjika. Tikisa taratibu mpaka mchanga mkavu uishe kudondoka. Tia mfukoni, minya hewa itoke, funga fundo, tia kwenye mfuko wa pili. Ongeza mchanga kidogo ili kina kirudi sentimita 5 hadi 7. Kikiwa kifupi, mkojo unagonga plastiki na kuganda chini. Jioni rudia.

Ukizoa, hesabu. Paka mzima hukojoa mara mbili hadi nne kwa siku, na kila bonge ni kama yai la kuku. Hupata haja kubwa mara moja hivi. Andika kwenye daftari la safari, karibu na maili na bei ya petroli. Mabonge yakiwa makubwa na mengi ghafla, inaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa figo au kisukari. Yakiwa madogo madogo mengi, kibofu kina shida. Hakuna kipimo cha afya ya paka kilicho rahisi hivi, na kipo mkononi mwako kila siku.

Beseni lenyewe lioshwe kila wiki mbili au nne kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo isiyo na harufu. Kuhusu dawa za usafi, shika haya:

- Usitumie klorini, ile inayouzwa kama Jik. Ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi ya sumu, na ndani ya gari huna pa kukimbilia.
- Usitumie Dettol wala dawa nyingine za jamii ya fenoli. Ini la paka haliwezi kuzivunja vizuri. Atazilamba kutoka kwenye nyayo zake.
- Usitundike mafuta ya kunukia, hasa ya mti wa chai. Yanamdhuru, na yanaweza kumfanya akikimbie choo.
- Paka akikojolea godoro au zulia, tumia dawa yenye vimeng'enya, yaani protini zinazovunja mabaki ya mkojo yenyewe. Sabuni peke yake itaondoa harufu kwako, yeye bado ataisikia na atarudi pale pale.

Usitie chochote kwenye choo cha gari

Gari-nyumba lina matangi matatu: la maji safi, la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, na la choo. Tangi la choo humwagwa kupitia bomba la inchi 3 kwenye kituo cha kumwagia majitaka. Mtu aliyechoka hushawishika kutia mabonge humo. Bentonaiti ni udongo ule ule ambao wakulima hutandaza chini ya mabwawa ili maji yasivuje. Ndani ya tangi unavimba, unashuka, unaganda chini na kwenye mlango wa bomba. Kuutoa ni kazi ya fundi, na wakati mwingine tangi zima hubadilishwa.

Kuna mifuko iliyoandikwa kwamba mchanga wake unaruhusiwa chooni. Usiiamini. Maandishi yale yanafikiria choo cha nyumba chenye maji mengi yanayokwenda, wakati tangi la gari lina maji machache yaliyosimama. Tena mitambo ya kusafisha majitaka haiui mayai ya toksoplasma kwa uhakika. Kwenye pwani ya kati ya California, kuanzia Monterey kwenda kusini, fisi maji wa baharini wamekufa kwa kimelea hiki kinachofika baharini kutoka nchi kavu. Mwaka 2006 jimbo hilo lilipitisha sheria inayotaka mchanga wa paka unaouzwa huko uwe na maandishi ya kuwaomba watu wasiutupe chooni. Watu wanaosafiri ili wauone uzuri wa bahari ile wanapaswa kuwa wa kwanza kutii.

Usiuzike pia jangwani au msituni. Udongo huo hauozi, na mvua itayabeba mayai hadi mtoni.

Mfuko uende wapi

Ukiwa kambini, jibu ni pipa la kambi. Mifuko miwili, mafundo mawili, unatupa siku ile ile. Katika hifadhi zenye dubu, kama Yellowstone, mapipa yana kufuli maalum ambazo dubu hawezi kufungua. Usiache mfuko nje ya mlango hata usiku mmoja. Dubu hufuata harufu, na dubu anayezoea takataka za watu mara nyingi huishia kuuawa.

Ugumu uko kwa wanaokaa kwenye ardhi ya umma inayosimamiwa na idara ya serikali iitwayo BLM, ambako sehemu nyingi unaruhusiwa kupiga kambi bure hadi siku 14, bila maji, bila umeme, bila pipa. Kila majira ya baridi maelfu ya magari-nyumba hukusanyika Quartzsite, Arizona. Kwenye eneo la kulipia la La Posa kuna majalala na kituo cha majitaka. Kwenye maeneo ya bure, taka unakaa nazo hadi utakapokwenda mjini. Hapo nunua ndoo yenye kifuniko cha kuzungusha na uiweke kwenye sanduku la nje la gari, kamwe si ndani. Ukiwa na chembe za silika au vidonge vya mbao, ndoo itachelewa kuwa nzito. Mjini, tumia jalala la umma au lipia kwenye kambi. Mapipa ya vituo vya mapumziko barabarani yamewekwa kwa taka za mkononi za wasafiri, na kuyajaza mchanga wa wiki nzima ni kuwaonea wanaoyasafisha.

Kwa wanaoleta magari yao Afrika Mashariki: mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, Kenya tangu 2017 na Tanzania Bara tangu 2019. Njoo na mifuko ya karatasi nene, na tumia vidonge vya mbao vinavyoweza kukaa kwenye karatasi bila kuilowesha haraka.

*Kwa ufupi:* mfuko maradufu, sanduku la nje, pipa halali. Si chooni, si ardhini.

Siku beseni likiwa kavu

Paka mgeni garini anaweza kukaa hadi siku nzima bila kukojoa kwa sababu ya woga. Punguza kelele, funika madirisha, mpe chakula chenye maji mengi, mwache peke yake na beseni. Zikipita saa 24 bila bonge hata moja, mpigie daktari wa mifugo.

Kwa dume usingoje hizo saa 24 ukiona dalili. Njia yake ya mkojo ni nyembamba, na huweza kuzibwa na vijiwe vidogo au ute. Wasiwasi wa safari na kunywa maji kidogo vinaongeza hatari. Atakwenda kwenye beseni mara kwa mara, atachuchumaa muda mrefu, hatatoa kitu au atatoa matone, atalia, atajilamba chini. Watu hudhani amefunga choo. Mkojo uliozuiliwa hurudisha sumu kwenye damu na kuvuruga moyo, na paka anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili.

Kwa hiyo kila mnapofika kambi mpya, kabla ya kutandika mkeka nje, andika namba ya hospitali ya mifugo iliyo karibu na inayofanya kazi usiku. Jangwani karibu inaweza kuwa mbali: kutoka Quartzsite hadi Phoenix ni mwendo wa saa mbili hivi. Dalili zikionekana, mweke kizimbani, anza safari, na anayekaa pembeni apige simu njiani. Daktari atataka kujua alikojoa lini mara ya mwisho, na daftari linalo. Usimminye tumbo kujaribu kumsaidia. Na usimpe Panado hata kipande, kwa sababu parasetamoli humuua paka.